Taa Inapepesa, Mzee Yumo

Tangu kulipokucha Waya hakukalika. Alikaa, akasimama, akajilaza juu ya kitanda kilichokwisha kutandikwa, akainuka, akalikunjua tena shuka lililokunjamana. Alikwenda jikoni kunywa maji, akafika huko akasahau kilichompeleka, akarudi na kijiko mkononi. Dada yake alimtazama akipita na kurudi, kiguu na njia ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, mpaka akachoka kumtazama.

"We mtoto, utatoboa sakafu," Dada alisema.

Jina la Waya alipewa na baba yao, kwa sababu utotoni mwake hakuna redio iliyoingia nyumba ile ikatoka salama. Ukubwani aliifanya tabia hiyo kuwa kazi. Aliandika zile programu zisizo na kioo wala kibodi, zinazoishi ndani ya chipu za mashine za kufulia, za lifti na za mageti, ambazo binadamu huzikumbuka siku zinapogoma tu. Asubuhi hiyo, saa nne, alikuwa na usaili kwa njia ya video katika kampuni inayotengeneza vitanda vya hospitali, vile vyenye vifaa vya kumwita muuguzi mgonjwa anapozidiwa.

Wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Alikwisha kufanya usaili kwingine mara mbili na kuanguka mara mbili. Mara ya kwanza alijibu swali ambalo hakuulizwa. Mara ya pili alijua kila kitu, ila mdomo ulitangulia na akili ikabaki nyuma ikihema. Kampuni hii ya vitanda ndiyo pekee iliyobaki mjini ambayo ingemtaka mtu wa kazi yake. Ikimkataa, itambidi ahame, akatafute riziki mbali, na akihama, Baba atabaki na Dada peke yake. Yeye na Dada walilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mabati kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Sasa kusahau kulikuwa kumemzidi. Majina ya watoto aliyashika siku nyingine, siku nyingine yalimponyoka, na miguu yake ilikuwa na mambo yake yenyewe: akiona mlango, anatoka. Alishapotea mara kadhaa wakamtafuta mpaka miguu ikawavimba. Walijaribu kumfungia kwa kufuli siku moja tu. Alilia sana, akiuliza kosa lake ni nini, mpaka Dada akalitupa lile kufuli jalalani na hakutaka kulisikia tena.

Ndipo Waya alipotengeneza kifaa chake. Sumaku juu ya mlango, bodi ndogo ndani ya kopo tupu la mafuta ya kujipaka, spika, na laini ya simu. Mlango ukifunguliwa, kengele inalia na ujumbe unaingia kwenye simu zao. Mbele ya kopo kulikuwa na taa ndogo ya kijani, inayopepesa kuonyesha kwamba kifaa kiko hai. Dada, ambaye ni fundi cherehani na kazi zake huzifanyia hapo sebuleni, aliipenda taa ile kuliko kengele yenyewe. Aliweza kushona ameupa mlango mgongo, na kila baada ya muda akageuza shingo kidogo. "Taa inapepesa, mzee yumo," alikuwa akisema, na miguu ikarudi kwenye pedali.

Asubuhi hiyo Dada ndiye aliyekuwa msaili wa mazoezi. Simu ya Waya yenye maswali ilikuwa mapajani kwake, gauni la mteja chini ya sindano, pini zimejaa midomoni. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, amemaliza chai, anaangalia vidole vyake.

"Swali," Dada alisema pembeni mwa pini. "Mbwa ni nini?"

"Dada, hilo tumelirudia jana mara ngapi?"

"Mimi sikujui. Mimi ni bosi wa kampuni. Mbwa ni nini?"

Waya alivuta pumzi. "Ndani ya chipu kuna saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma. Programu ikiwa nzima, inapita kila mara inairudisha mwanzo. Programu ikikwama, hakuna wa kuirudisha, saa inafika sifuri, na chipu yote inazimwa na kuwashwa upya. Sisi tunaiita mbwa wa ulinzi. Kuirudisha mwanzo, tunasema kumlisha mbwa."

"Polepole. Unakimbizwa na nani? Na mbwa halishwi wapi?"

"Halishwi ndani ya kikatizo."

"Kikatizo ndiyo nini?"

"Ni kama kengele ya ndani. Kila nusu sekunde inalia, inasimamisha kila kitu, inafanya kijikazi chake kidogo, kisha inawaachia wengine waendelee. Yenyewe haikwami. Kwa hiyo ukimlishia mbwa humo, programu kubwa inaweza kuwa imekufa zamani, na mbwa bado anakula, ameshiba, kanyamaza. Mtu wa nje anaona kila kitu kizima." Alisita, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aamke. "Ni yule mvivu wa Baba."

Baba aliinua kichwa. Hadithi ya mvivu ilikuwa yake, na hiyo haikumponyoka bado.

"Ghala lilikuwa na kona nne," alianza, bila kuombwa. "Kila kona ufunguo, umefungwa kwa mnyororo. Mlinzi unatembea na saa shingoni. Ukifika kona unaingiza ufunguo kwenye saa, unazungusha, saa inaandika kwamba umepita. Sasa yule bwana alikata minyororo yote! Akazileta funguo kitini kwake. Anakaa, anazungusha hii, anasinzia, anazungusha ile. Asubuhi mabati hakuna, na saa..." Alianza kucheka kabla hajafika.

"Saa inasema amezunguka usiku kucha!" mabinti walimalizia kwa pamoja, na Baba akacheka mpaka akafuta machozi.

Kicheko kile kilimtuliza Waya kwa muda wa kufika chumbani tu. Huko alirudia kile alichokuwa akikifanya tangu alfajiri, yaani kuangalia kama mtandao upo. Alfajiri ulikuwa umekatika kabisa, kwenye simu na kwenye kila kitu, wakati Dada alipofungua mlango kwenda kumwaga taka. Ulirudi baadaye kidogo, lakini roho yake ilibaki juu. Alivaa shati ambalo Dada alimshonea kwa ajili ya siku hiyo, akafunga kifungo cha juu, akakifungua, akakifunga. Alisimama mbele ya kioo akajibu maswali kwa sauti, akajikatiza, akaanza upya. Sebuleni cherehani ilikuwa inanguruma. Mara moja alimsikia Dada akisema peke yake, kwa mazoea, "Taa inapepesa."

Saa nne ilipogonga, nyuso mbili zilitokea kwenye laptopu. Mmoja alikuwa mhandisi mkuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Wa pili alikuwa kijana wa kiume ambaye hakufungua mdomo hata mara moja, kazi yake kuandika tu, na Waya alimchukia papo hapo kwa jinsi alivyoandika.

Lakini mambo yalikwenda. Mwenyewe hakuamini. Aliulizwa kuhusu kumbukumbu ya chipu, akajibu, akanyamaza pale jibu lilipoisha. Aliulizwa jinsi ya kubana matumizi ya betri, akajibu. Alipoulizwa kuhusu mbwa, alimleta mvivu wa Baba, funguo zake na kiti chake, na mhandisi akaangua kicheko, akamgeukia kijana: "Andika hiyo."

"Sasa tuambie," mhandisi alisema, akiivaa miwani, "umewahi kutengeneza kitu chako mwenyewe? Sio cha mteja. Chako."

Waya alikuwa amelisubiri swali hili kwa hamu. "Kipo hapa hapa nyumbani. Naweza kukuonyesha kikifanya kazi?"

"Tuonyeshe."

Alibeba laptopu mikononi, akatoka nayo sebuleni. Dada aliondoa mguu kwenye pedali, akakaa wima, akalainisha nywele, maana hakujua kama na yeye anaonekana. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Amekwenda kujilaza, Waya aliwaza, na wazo lenyewe likampita bila kugusa kitu. Alieleza juu ya sumaku, juu ya ujumbe wa simu, juu ya baba yake anayetoka bila kuaga. "Mnaiona taa? Hiyo inamaanisha kifaa ni kizima. Sasa nafungua mlango."

Alifungua mlango. Kimya.

Alifunga, akafungua tena kwa nguvu zaidi, upepo wa nje ukaingia na kupeperusha vipande vya kitambaa. Kengele haikulia. Taa ya kijani iliendelea kupepesa bila wasiwasi wowote.

"Labda betri," mhandisi alisema kwa upole.

"Siyo betri, maana taa..." Hapo macho yake yaliteremka hadi kwenye mkeka wa mlangoni. Palikuwa na viatu vyake, na ndara za Dada. Makobazi ya Baba hayakuwepo.

Kufumba na kufumbua akaelewa yote, na uelewa wenyewe ulimchoma. Taa ile ilikuwa inawashwa na kikatizo. Na mwezi uliopita, mtandao ulipokuwa unasumbua, kifaa kilikuwa kikikwama kungoja jibu la ujumbe, mbwa anakizima na kukiwasha, na kila kikiwaka kinapiga kelele. Dada akalalamika kwamba anapasuka kichwa. Waya, mwenye haraka zake, akahamishia chakula cha mbwa mle mle kwenye kikatizo ili kelele ziishe. Kwa muda tu, alijiambia. Nitakitengeneza vizuri wikiendi. Wikiendi ilikuja ikamkuta anasomea usaili. Na alfajiri ya leo Dada alipokwenda kumwaga taka, kifaa kilituma ujumbe, mtandao haukuwepo, na programu ikakaa kungoja jibu. Ilikuwa bado inangoja. Mvivu alikuwa mlangoni kwao, amekaa kitini na funguo zote, na yeye ndiye aliyemwajiri.

"Dada. Baba yuko wapi?"

"Si amelala?"

"Amelala wapi?"

Dada alikimbilia chumbani, akatoka mkono uko kichwani. "Mungu wangu! Lakini nilitazama, Waya. Kila mara nilitazama. Taa ilikuwa inapepesa!"

"Baki hapa, huenda akarudi." Waya aliitua laptopu juu ya meza, katikati ya vitambaa. "Mhandisi, nisamehe. Baba yangu ametoka." Hakungoja jibu. Alishuka ngazi na shati lake jipya, miguu peku.

Barabarani hakujua aanzie wapi. Alikimbilia kulia, akageuka akakimbilia kushoto. Magari yalikuwa yanapita, watu wanapita, kila mzee mwenye mvi alikuwa Baba mpaka anapogeuza uso. Kinyozi wa kona ile alitoka nje na mashine ya kunyolea mkononi.

"Unamtafuta mzee? Kapita muda sasa. Kanisalimia vizuri kabisa."

"Kaenda upande gani?"

"Alisimama pale kwenye nguzo ya umeme. Akafanya hivi." Kinyozi alinyoosha mkono hewani, akauzungusha kana kwamba anafungua kitasa. "Halafu akashika njia, huyoo, akazunguka nyuma ya lile tangi la maji. Nilidhani anapima kitu."

Waya alisimama akiitazama nguzo. Kumbe Baba hakuwa amepotea. Alikuwa kazini, anazunguka lindo lake.

Alikimbia kufuata kona. Nyuma ya tangi hakumkuta. Kwenye ukuta wa gereji iliyofungwa, mama mmoja aliyekuwa anafagia alisema ndiyo, mzee kaupapasa ukuta, kaenda mbele. Mbele kulikuwa na barabara kuu. Kona ya nne ilikuwa ng'ambo.

Baba alikuwa katikati. Alikuwa amesimama kwenye tuta jembamba linalogawa barabara, malori yanapita mbele yake na nyuma yake, shati linampepea. Alikuwa ameshika nguzo ya kibao cha barabarani kwa mkono mmoja, amesimama wima, kakamavu, makobazi ameyavaa kinyume. Waya aliinua mikono yote miwili, akajitosa. Honi zililia, dereva mmoja akamtukania ukoo mzima. Alifika, akamkumbatia, akamng'ang'ania.

"Umechelewa," Baba alisema.

"Nisamehe, Baba."

"Kona zote nimezunguka. Hakuna aliyekuja kunipokea." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, midomo imemkauka. "Lakini sikuondoka lindoni."

Waya alilia pale pale, katikati ya magari, bila kujali nani anamwona. Alilia kwa uoga, na kwa haya, na kwa sababu mzee huyu ambaye hakumbuki jana alikula nini alikuwa bado anaona haya kuacha zamu.

"Zamu yako imekwisha, Baba. Nimekuja kukupokea."

"Basi shika saa."

Baba alipitisha mikono shingoni kwake, akavua kitu ambacho hakikuwepo, akakiweka kwenye kiganja cha binti yake. Waya alikipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo macho ya Baba yalivyomtaka afanye. Ndipo mzee akakubali kushikwa mkono na kuvushwa.

Nyumbani, Dada alimpokea Baba kwa kumgombeza huku akimbusu mikono. Alimketisha, akamletea maji, akamgombeza tena. Kisha akamgeukia Waya kwa sauti ya chini.

"Walisubiri. Walisubiri sana, mpaka mtu mwingine akawa anawangoja. Yule mama kasema atapiga simu." Akasita. "Kuna swali moja niliwajibia."

"Dada! Swali gani?"

"Yule kijana aliuliza kama unaweza kufanya kazi na wenzako. Nikamwambia ndiyo, kama umeshakula."

Waya alicheka, na kicheko kikaishia njiani. Alikibandua kifaa mlangoni, akakiweka mezani bila kukizima, akachukua waya wa laptopu. Kosa lenyewe lilikuwa dogo sana, mstari mmoja wa kuondoa, na kikomo cha kungoja ambacho kilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Alikwisha kuandika yote mawili, na kidole kiko juu ya kibonyezo cha kupakia programu mpya, simu ilipoita.

"Mzee amepatikana?" Ilikuwa sauti ya mhandisi.

"Amepatikana."

"Mzima?"

"Mzima. Amechoka."

"Namshukuru Mungu." Kulikuwa na kishindo cha kiti kikivutwa. "Sasa niambie. Kwa nini hakikulia?"

Waya alimweleza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usaili hakukimbizwa na mtu. Alisema mbwa alikuwa anakula wapi, nani alimpeleka huko na kwa nini. Mhandisi akauliza, sauti imebadilika kidogo:

"Umeshakigusa?"

"Bado."

"Basi usikiguse. Sikiliza vizuri. Usikizime, usipakie kitu. Jumatatu njoo nacho hivyo hivyo kilivyokwama, utuonyeshe mbele ya timu nzima jinsi unavyolifuata kosa mpaka kwenye shina lake. Sisi hapa watu wakilala vitandani mwetu wanatuamini kama dada yako alivyoiamini hiyo taa. Huo ndio usaili ninaoutaka. Ukikiwasha upya, hakuna tena cha kuonyesha."

Waya alijua mama yule anasema kweli. Katika kazi yao, kosa lililonaswa likiwa hai halifutwi. Linatunzwa, linaangaliwa kila upande, maana likishaondoka huenda lisirudi mpaka siku ya kuumiza mtu. Angekuwa yeye ndiye msaili angesema vile vile. Aliutazama mlango ulio wazi bila kitu. Alimtazama Baba kitini, ambaye tayari macho yake yalikuwa yameanza kuufuata mwanga wa nje. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Mhandisi, siwezi," alisema. "Nisamehe. Hiki kifaa kiko kazini."

Kimya. Kilikuwa kirefu mpaka Waya akaangalia kama simu haijakatika. Zamani angejaza kimya kile kwa maneno, yote aliyonayo. Safari hii aliiweka simu mezani, akabonyeza. Taa ya kijani ilizimika, ikawaka. Alikirudisha kifaa mahali pake, akafunga mlango, akaufungua.

Kengele ililia nyumba nzima. Dada aliziba masikio, na hakulalamika.

"Ndicho hicho?" simu iliuliza kutoka mezani.

"Ndicho."

"Nimekisikia." Mhandisi alikohoa kidogo. "Jumatatu saa mbili, basi. Utakuja mikono mitupu, na sijui wenzangu watasema nini. Sikuahidi kitu."

"Nitakuja."

Simu ilikatika. Waya hakujua kama amepata kazi au ameikosa. Alisimama, akakaa, akasimama. Alikata kipande cha utepe mweusi wa umeme, akaiziba ile taa ya kijani, akakandamiza kwa dole gumba mpaka hakuna hata chembe ya mwanga iliyopenya. Kisha alifungua mlango tena, akaisikiliza kengele ikilia, akaufunga, akaufungua.

Kengele ya mara ya tatu ilimwamsha Baba kwenye usingizi mwepesi. Aliinuka nusu kutoka kitini, mikono ikipapasa shingoni.

"Nani yuko zamu?"

"Mimi, Baba."

"Saa unayo?"

Waya alikinyoosha kiganja chake kitupu ili Baba akione.

"Ninayo," alisema, akakifumba taratibu ili isidondoke.